Taji na Daraja: Mageuzi ya Mwaka 3019 katika Dunia ya Tolkien na Upungufu wa Uhakiki Wake

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi unaofundishwa vyuoni Afrika Mashariki, fantasia imekuwa mtoto wa kambo. Riwaya ya kihalisia hupimwa kwa mizani ya historia, uchumi na matabaka. Fantasia aghalabu huachiwa watoto, au hutajwa katika aya moja kama mfano wa fasihi inayowaondoa wasomaji kwenye matatizo yao. Makala haya yanapinga mazoea hayo. Yanafanya hivyo kwa kuutazama mwaka mmoja tu wa historia ya dunia ya kubuni, yaani mwaka 3019 wa Enzi ya Tatu katika The Lord of the Rings, riwaya ya J. R. R. Tolkien iliyochapishwa London kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955.

Mwaka huo ni mwaka wa mageuzi ya kisiasa kwa maana kamili ya neno. Tarehe 15 Machi anakufa Denethor, Kaimu anayeitawala Gondor, na siku hiyo hiyo Théoden, mfalme wa Rohan, anauawa vitani. Tarehe 25 Machi dola ya Mordor inaanguka. Tarehe 1 Mei Aragorn anatawazwa kuwa mfalme wa Gondor kwa jina la Elessar. Tarehe 3 Novemba Wahobiti wa Shire, watu wafupi wa mashamba na bustani, wanapigana huko Bywater na kuwang'oa wababe walioiteka nchi yao. Katika muda usiotimia miezi minane, tawala nne zimebadilika, na kila moja imebadilika kwa njia yake.

Hoja ya makala haya ni kwamba wahakiki wengi, wale wanaomtukuza Tolkien na wale wanaomlaani, wamelisoma taji la Minas Tirith na kuipuuza Bywater. Kosa hilo lina madhara yanayovuka mipaka ya riwaya moja. Linamzoesha mwanafunzi kuamini kwamba mageuzi yamekamilika pindi mtu mmoja anapotoka kitini na mwingine kuketi. Imani hiyo imeyagharimu mataifa mengi, na haifai ilelewe na idara za fasihi.

Tuhuma ya utoro

Ni haki kuanza na hoja ya upinzani katika umbo lake lenye nguvu zaidi. Wahakiki wa mrengo wa kijamaa hushikilia kwamba fasihi huchipuka kutokana na mahusiano ya watu katika uzalishaji mali. Kwa mujibu wao, dunia isiyokuwepo haina mahusiano hayo, kwa hiyo msuguano wake ni wa bandia: wema dhidi ya uovu, nuru dhidi ya giza. Msomaji hutoka humo ameburudika, lakini hajui lolote jipya kuhusu nani anamiliki nini na kwa nini.

Hoja hii ina uzito dhidi ya vitabu vingi vilivyoandikwa kwa kumwiga Tolkien. Dhidi ya matini yenyewe inayojadiliwa hapa haisimami, kama itakavyobainishwa, kwa kuwa habari za Shire zimejaa viwanda, mashamba, mavuno na hati za umiliki. Tolkien mwenyewe aliijibu tuhuma hiyo katika mhadhara wake wa 1939 kuhusu ngano, akitofautisha kutoroka kwa mfungwa na kukimbia kwa askari mwoga. Hata hivyo, utetezi wa mtunzi si ushahidi. Ushahidi unapaswa kutafutwa ndani ya kazi.

Lililo zito zaidi ni undumakuwili wa wanaoitoa tuhuma hii. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, aliiweka nchi yake angani. Hakuna mhakiki makini wa Kiswahili aliyemwita mtoro kwa sababu hiyo. Kinyume chake, kesi ya Karama imefundishwa kwa miongo mingi kama shitaka dhidi ya utawala usiotaka kusikia. Katama Mkangi alipomrusha Dzombo kwa chombo cha angani hadi Walenisi, katika riwaya ya 1995, wahakiki waliona siasa mara moja, na waliona sawasawa. Ni vigumu kuelewa kwa nini nchi iliyo angani iwe na siasa, ilhali nchi yenye mto, daraja na kinu cha kusagia nafaka isiwe nayo.

Wapo watakaosema kwamba Kusadikika ni yetu na Gondor ni ya wageni. Hoja hiyo imechelewa. Mwalimu Julius Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka 1963, hakuna aliyedai kwamba Roma iko mbali mno na Dodoma. Waliuliza kama ile damu iliyomwagika Roma iliwaletea Warumi uhuru, na swali hilo lilikuwa na manufaa kwa taifa changa. Swali kama hilo ndilo linalopaswa kuulizwa kuhusu mwaka 3019.

Minas Tirith: mabadiliko ya mtawala

Kiti cha ufalme wa Gondor kilikuwa kitupu tangu mwaka 2050, pale mfalme Eärnur alipoitikia mwito wa kupigana na bwana wa Minas Morgul, akaenda asirudi. Tangu hapo hadi 3019, miaka 969, nchi ilitawaliwa na Makaimu waliorithishana cheo katika ukoo mmoja, huku wakidai kwamba wanakishikilia tu mpaka mfalme atakaporejea. Ukaimu wa miaka 969 ni ufalme uliokosa taji tu. Denethor analijua hilo, na uchungu wake kwa Aragorn ni uchungu wa mtu anayetakiwa kurudisha amana ambayo jamaa zake walikwisha kuizoea kama mali yao.

Hapa ndipo wahakiki wanaomlaumu Tolkien wanapoanza kuteleza. Michael Moorcock, katika insha yake ya 1978 iitwayo Epic Pooh, alimshutumu kwa uhafidhina na kwa kuwafariji wasomaji wa tabaka la kati. Wafuasi wa rai hiyo huongeza kwamba Tolkien anatukuza damu: mtu anatawala kwa kuwa babu yake alitawala. Matini hairuhusu usomaji mwepesi kiasi hicho. Arvedui, babu wa mbali wa Aragorn, alidai kiti cha Gondor mwaka 1944, na Baraza la nchi likamkatalia. Mwaka uliofuata taji lilipewa jemadari aliyeshinda vita. Kabla ya hapo, mwaka 1437, mfalme Eldacar alikuwa amepinduliwa na jamaa zake waliomdharau kwa sababu mama yake alitoka katika taifa jingine. Alikirejesha kiti mwaka 1447, baada ya umwagaji damu ulioudhoofisha ufalme. Historia hiyo, iliyowekwa katika viambatisho vya riwaya, inaonyesha kwamba damu peke yake haikumpa mtu ufalme wa Gondor bila kuhojiwa, na kwamba kuitukuza damu safi kulikaribia kuiangamiza nchi.

Aragorn mwenyewe anaingia mjini kwa tahadhari ya mwanasiasa anayejua uzito wa historia hiyo. Baada ya ushindi wa 15 Machi anaikunja bendera yake na kukataa kudai kiti. Anaingia usiku, amejifunika joho, kwenda kuwauguza majeruhi. Anayeeneza habari zake ni Ioreth, mwanamke mzee anayehudumu katika nyumba za uponyaji, aliyekumbuka methali ya kale kwamba mikono ya mfalme ni mikono ya tabibu. Maoni ya umma yamekwisha kuundwa, na yameundwa na mwanamke asiye na cheo, wiki kadhaa kabla ya sherehe yoyote.

Hatimaye siku ya kutawazwa inafika. Faramir, mrithi wa Ukaimu, anausomea umati sifa na nasaba ya Aragorn, kisha anauuliza kama awe mfalme na aingie mjini. Umati unaitikia kwa sauti moja. Wanaomtetea Tolkien hulishika tukio hili kama ithibati ya ridhaa ya wananchi. Ridhaa ipo, na si haki kuikana. Lakini watu waliulizwa swali lenye jibu moja, kuhusu mtu mmoja, mbele ya jeshi lililotoka kushinda. Msomaji wa Kenya anayeukumbuka uchaguzi wa mlolongo wa 1988 hahitaji kufundishwa kwamba wingi wa sauti za hadharani hauthibitishi uhuru wa kuchagua. Watu wa Gondor waliridhia, ila hawakuchagua. Mhakiki asiyetofautisha vitenzi hivyo viwili ameukosa moyo wa tukio zima.

Yanayofuata yanathibitisha tofauti hiyo. Mfalme mpya anawasamehe wapiganaji wa Mashariki waliojisalimisha na kufanya amani na watu wa Harad. Anawapa watumwa wa Mordor ardhi iliyo kando ya ziwa Núrnen iwe mali yao. Anautambua msitu wa Drúadan kuwa milki ya Ghân-buri-Ghân na watu wake. Anamhukumu Beregond, askari aliyeacha lindo na kumwaga damu mahali patakatifu ili kuyaokoa maisha ya Faramir: sheria ilidai kifo, naye anamtoa katika jeshi la mji, kisha anampandisha kuwa nahodha wa walinzi wa Faramir huko Ithilien. Kila tendo kati ya haya ni jema, na baadhi yake, hasa lile la ardhi ya Núrnen, ni tendo ambalo serikali nyingi za dunia halisi hazijalithubutu. Lakini yote yametoka katika mkono mmoja. Hakuna baraza linalotajwa kuyajadili wala sheria iliyobadilishwa. Sheria iliyotaka kumuua Beregond inabaki pale pale, ikimngojea Beregond mwingine chini ya mfalme mwingine.

Msomaji wa Kusadikika ataitambua hali hiyo. Karama naye anaachiliwa kwa uamuzi wa mfalme, baada ya kusimulia visa vya wajumbe waliotumwa pande sita na waliporudi na maarifa wakafungwa. Tofauti ni kwamba Shaaban Robert anamfanya mtuhumiwa aseme kwa kurasa nyingi, mpaka rehema ya mfalme inakuwa jibu la hoja iliyomshinda. Beregond hapewi nafasi ya kujitetea. Ananyamaza, anahukumiwa, anashukuru.

Ushahidi mzito zaidi juu ya udhaifu wa mageuzi ya Minas Tirith ulitolewa na Tolkien mwenyewe. Baadaye alianza kuandika hadithi iitwayo The New Shadow, iliyowekwa zaidi ya miaka mia moja baada ya kuanguka kwa Mordor, wakati Eldarion, mwana wa Aragorn, anatawala. Ndani yake wananchi wa Gondor wameichoka amani, na minong'ono ya njama imeanza. Aliiacha baada ya kurasa chache, nayo ilichapishwa mwaka 1996, miaka 23 baada ya kifo chake. Mtunzi aliyemtawaza mfalme mwema alitambua kwamba wema wa mfalme haurithiwi pamoja na taji. Wahakiki wake wanapaswa kulitambua angalau kwa kiasi hicho.

Shire: mabadiliko ya utawala

Kusini kuna taji. Kaskazini, kuna nchi ndogo ambayo kabla ya vita haikuwa na serikali ya kutajika. Meya wa Shire alichaguliwa kila baada ya miaka saba, na kazi yake kubwa ilikuwa kuongoza karamu. Askari wa nchi nzima walikuwa kumi na wawili, watatu kwa kila jimbo. Katika nchi hiyo unaota udikteta, na namna ulivyoota ndiyo sehemu ya riwaya yenye elimu kubwa zaidi ya siasa.

Ulianza kwa ununuzi. Lotho Sackville-Baggins, mwenyeji wa Shire, alinunua mashamba, vinu, mikahawa na viwanda vya kimea, akawa anauza mazao nje huku wenyeji wakipungukiwa. Baadaye walikuja watu wa kigeni kumlinda. Meya Will Whitfoot alipokwenda kulalamika, alitiwa gerezani. Lotho akajipa cheo cha mkuu wa askari, kisha akajiita Chifu tu. Askari wakaongezwa hadi mamia. Mikahawa ikafungwa, orodha za amri zikabandikwa kutani, miti ikakatwa bila sababu. Wakapita wakusanyaji wakihesabu mavuno na kuyachukua kwa kisingizio kwamba yatagawanywa, na wenyeji wakaona ukusanyaji bila kuuona ugawaji.

Saruman, mchawi anayetajwa na wengi kuwa ndiye mwovu wa kisa hiki, aliwasili Shire tarehe 22 Septemba 3019. Kufikia hapo gereza lilikwisha kujaa na ghala zilikwisha kufungwa. Aliikuta dola tayari, akaichukua. Kikulacho ki nguoni mwako. Mhakiki anayedai kwamba fantasia inaugeuza uovu kuwa kivuli kisicho na anwani ya kiuchumi hana budi kueleza hati za umiliki za Lotho zilikuwa kivuli cha nini.

Hoja nyingine inayorudiwa ni kwamba Shire ilikombolewa na mashujaa wanne waliorudi kutoka ng'ambo wakiwa na panga na deraya, na kwa hiyo wananchi ni jukwaa tu la ushujaa wa wachache. Ni kweli kwamba Merry ndiye aliyepuliza baragumu na ndiye aliyepanga vita. Lakini ukoo wa Took ulikuwa umekataa kumtii Lotho na ulikuwa ukiilinda mipaka yake kabla ya mashujaa kurudi. Fredegar Bolger alikuwa amefungwa kwa kuongoza kundi la waasi. Hata Lobelia, mama yake Lotho, mwanamke aliyefanyiwa mzaha tangu sura ya kwanza, alikuwa amefungwa kwa kuwakabili wababe kwa mwavuli. Anapotolewa gerezani, mzee na dhaifu, anapigiwa makofi na umati. Naye anairudisha nyumba ya Bag End kwa mwenyewe, na mali yake anaiacha itumiwe kuwasaidia Wahobiti waliobomolewa makazi. Éowyn, aliyemuua kiongozi wa Nazgûl vitani, anaumaliza mwaka huo akiwa mchumba wa mtawala wa Ithilien, bila wadhifa wake mwenyewe. Wahakiki wanaochunguza usawiri wa wanawake wameandika mengi kuhusu Éowyn. Wangeandika zaidi kuhusu ule mwavuli.

Katika Bywater walipigana wakulima na mafundi, wakiwa na mashoka, nyundo na marungu. Wababe karibu 70 waliuawa, na Wahobiti 19 walikufa. Majina ya wapiganaji yaliandikwa katika orodha iliyohifadhiwa na wanahistoria wa Shire. Frodo hakuchomoa upanga. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuwazuia wenzake wenye hasira wasiwaue wababe waliotupa silaha. Aliposhika kwa muda nafasi ya Meya, alifanya jambo moja tu: aliwapunguza askari wakarudi katika idadi na kazi zao za awali. Linganisho na Minas Tirith linajitokeza hapa lenyewe. Kusini, utawala mpya unaanza kwa sherehe. Kaskazini, unaanza kwa kupunguza polisi. Mwaka 1427 wa kalenda ya Shire, Will Whitfoot alipojiuzulu, akachaguliwa Samwise Gamgee, mtunza bustani aliyekuwa mtumishi, naye akachaguliwa mara saba.

Sura hii ndiyo iliyoachwa na Peter Jackson katika filamu yake ya 2003. Humo mashujaa wanarejea katika Shire isiyoguswa na lolote, na mwaka mzima unabaki na kilele kimoja, kutawazwa. Sababu za kifani za uamuzi huo zinaeleweka, kwani filamu yenye vilele viwili ni ngumu kuitazama. Matokeo yake ya kiitikadi ni mazito hata hivyo. Maelfu ya wanafunzi wanaoijua hadithi kwa njia ya filamu wamepokea mwaka wa mageuzi uliokatwa kichwa cha pili, na mhakiki anayeandika juu ya Tolkien kwa kutegemea filamu anahukumu kitabu ambacho hakikuandikwa.

Daraja

Mageuzi haya mawili yanakutana mahali pamoja. Mwaka 1427 wa Shire, mfalme Elessar alitoa amri kwamba Binadamu wasiingie Shire, akaifanya nchi huru chini ya ulinzi wa fimbo ya ufalme wa Kaskazini. Mwaka 1436 alisafiri hadi huko na kufika kwenye daraja la mto Brandywine. Akawasalimu rafiki zake darajani. Hakuvuka, maana naye alikuwa Binadamu, na amri ilimhusu.

Makala haya yanashikilia kwamba tukio hilo dogo, lililoandikwa kwa sentensi chache katika viambatisho, ndilo tukio la kisiasa lenye maana kubwa kuliko yote yaliyotokana na mwaka 3019. Pale mjini mfalme alikuwa juu ya sheria, hata alipoitumia kwa rehema. Pale darajani yuko chini yake. Ni mahali pekee katika enzi yake panapoonyesha mamlaka yenye mpaka, na mpaka huo ulipata maana kwa kuwa upande wa pili kulikuwa na watu waliokwisha kuthibitisha, kwa makaburi 19, kwamba wanaweza kujitawala.

Kalenda inaitilia nguvu hoja hii. Gondor iliuhamishia mwaka mpya kwenye tarehe 25 Machi, siku ya kuanguka kwa Mordor, na nyakati zikahesabiwa kwa ushindi wa dola. Shire iliukubali ujio wa Enzi ya Nne, lakini haikuhamisha mwaka mpya wake wala kuacha hesabu yake ya kale. Mwaka 3019 wa Gondor ulikuwa 1419 kwao, na uliofuata, wa mavuno ya ajabu, ulikuwa 1420. Jamii iliyobaki na haki ya kuhesabu siku zake haijamezwa.

Ni lazima ikubaliwe kwamba daraja hilo nalo lina kasoro. Uhuru wa Shire ulitangazwa na mfalme, na kilichotangazwa na mfalme kinaweza kufutwa na mfalme. Fauka ya hayo, ni uhuru wa kufunga mlango. Ndani ya Shire, cheo cha Thain kilibaki katika ukoo wa Took, na cha Bwana wa Buckland katika ukoo wa Brandybuck. Mtunza bustani akawa Meya, lakini koo kubwa hazikupoteza kitu. Walioipigania Shire waliirudisha ilivyokuwa, na hawakuuliza ni kitu gani katika ile hali ya zamani kilichomwezesha Lotho kununua nusu ya nchi bila kizuizi.

Nani aliyeandika?

Swali la mwisho ambalo wahakiki wamelikwepa ni la mwandishi. Tolkien anadai kwamba hadithi yote imetoka katika Kitabu Chekundu, kilichoandikwa na Wahobiti. Nakala muhimu ya kitabu hicho ilitengenezwa kwa ombi la mfalme Elessar, ikapelekwa Minas Tirith, ikasahihishwa na kuongezewa huko. Kisha Findegil, mwandishi wa mfalme, akaikamilisha nakala nyingine mwaka 172 wa Enzi ya Nne. Kwa hiyo hata ushuhuda wa Bywater umepita mezani pa ikulu.

Wanafunzi wa historia ya pwani wanalijua tatizo hili vyema. Matoleo ya Habari za Pate yanarejea kwa msimulizi mmoja, Bwana Kitini, naye alikuwa wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate. Hakuna anayeitupa tarehe hiyo kwa sababu hiyo, lakini hakuna mwanahistoria makini anayeisoma bila kukumbuka kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Historia ya 3019 inastahili kusomwa kwa tahadhari hiyo hiyo.

Ikisomwa hivyo, ukimya wake unaanza kusikika. Watumwa wa Núrnen wanapewa ardhi, na hakuna hata mmoja wao anayesema neno. Watu wa Harad wanafanya amani, na masharti ya amani hayatajwi. Waorki, waliokuwa askari wa Mordor, wanatoweka katika historia kana kwamba hawakuwa na nia. Na bado matini imesahau kuufuta ushahidi mmoja. Tarehe 13 Machi 3019, siku 12 kabla ya Mordor kuanguka, Waorki wawili, Gorbag na Shagrat, wanazungumza mpakani wakidhani hakuna awasikiaye. Wanawalalamikia wakubwa wao. Gorbag anatamani vita viishe ili watoroke na wenzao wachache waaminifu, wakaishi mbali na mabwana wakubwa. Ndoto yao ni ya uporaji, na hakuna haja ya kuipamba. Lakini ni ndoto ya kutotawaliwa, na ni matamanio ya mabadiliko yaliyosemwa ndani ya dola yenyewe katika mwaka ule ule. Hakuna aliyerudi kuyauliza, si mfalme wala mwandishi wa mfalme. Wahakiki nao hawana kisingizio cha kuyaacha.

Hitimisho

Kinachobishaniwa hapa ni namna kizazi cha wasomi kinavyofundishwa kuyatambua mageuzi. Tolkien, katika dibaji ya toleo la pili, alikana kwamba kitabu chake ni istiari ya tukio lolote la wakati wake, akamwachia msomaji uhuru wa kukilinganisha na mambo ayajuayo. Kukubali uhuru huo ni kukubali wajibu unaoambatana nao. Katika Murogi wa Kagogo, Ngũgĩ wa Thiong'o alimwondoa Mtawala wa Aburĩria na kumweka Tajirika mahali pake, akijitangaza mfalme mkuu, ili msomaji aone jinsi kiti kinavyoweza kupata mtu mpya bila nchi kupata chochote. Wakenya walishangilia mabadiliko ya mtawala mwishoni mwa 2002, kisha iliwachukua hadi Agosti 2010 kupata katiba mpya. Umbali kati ya tarehe hizo mbili ni umbali kati ya taji na daraja.

Kwa hiyo mhakiki anayeufundisha mwaka 3019, au mwaka wowote wa mageuzi katika dunia yoyote ya kubuni, ana maswali manne asiyoweza kuyakwepa. Watu waliulizwa, au walitangaziwa tu? Ardhi na mavuno vilibaki mikononi mwa nani? Mtawala mpya alikubali kusimama wapi bila kuvuka? Na habari hizo ziliandikwa na nani, kwa amri ya nani? Fantasia inayoweza kuulizwa maswali hayo na kuyajibu, hata kwa majibu yasiyoridhisha, imetimiza kazi ya fasihi. Uhakiki unaokataa kuyauliza kwa sababu tu nchi inayohusika haimo katika ramani ndio uliotoroka.